Muhtasari wa Kikao, Newala

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Ajenda ya tatu, choo cha stendi,
ilipita kwa dakika mbili, hakuna aliyekohoa.
Ajenda ya nne: kitoweo cha panya migahawani.

Afisa Afya, Bwana Kaijage, akasimama na karatasi.
Wageni wanakuja kununua korosho, alisema,
wanaketi kula, wanakuta mkia
umelala juu ya wali
kama uzi uliosahauliwa na fundi cherehani.
"Tunajiaibisha. Nashauri upigwe marufuku."
Nikaandika: suala la sura ya wilaya.

Bi Somoe hakuwa amealikwa.
Aliingia na sufuria, akaitua juu ya mafaili yetu.
Kifuniko hakukigusa,
ila harufu haiombi ruhusa kwa mwenyekiti:
moshi wa jana, pilipili, tui zito la korosho.

"Huyu si panya wa darini," alisema,
"si huyo anayekula sabuni zenu na magunia.
Huyu wa shamba. Kala mihogo, kala karanga,
na choo chenu cha stendi hajawahi kukiona."
Ukumbi ukacheka.
Kicheko sikukiandika, hakina safu yake.

Mzee Nanjota akavua kofia, akaivaa tena.
"Mimi simli, dini yangu hainipi njia.
Lakini chungu cha jirani
nisichokifunua, sitakwenda kukifunika."

Kisha sauti kutoka nyuma, karibu na mlango:
"Bwana Afya, na senene wa kwenu Muleba
wanaliwa na macho yao, au mnawafumba kwanza?"
Akatabasamu, maskini. Wote tunajua
kila Novemba mama yake humpakilia kopo kwenye basi.
"Senene ni senene," alisema.
"Na panya ni panya," akajibu Bi Somoe,
na hapo maneno yakawa yamefika ukutani.

Ningeweza kunyoosha mkono.
Naijua ladha. Nilikuwa na miaka saba
baba aliponipa mguu wa nyuma, wa moto,
mifupa yake inatafunika kama bisi,
nikaulamba hata ule ukucha mdogo.

Naijua na Julai ya mwaka juzi.
Vijana waliwasha nyasi wawatoe panya mashimoni,
upepo ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
mikorosho arobaini ya baba, yenye maua,
ikasimama myeusi, inafuka.
Baba alizunguka siku nzima
na pampu ya salfa mgongoni, imejaa,
hana mti wa kuupulizia.
Jioni vijana wakaja, panya kumi na mmoja kwenye kijiti.
Hawakusema lolote. Walichomoa wawili,
wale wanono, wakampa.
Akala.
Akasema chumvi imekolea.

Kikaoni nilingoja mtu ataje moto.
Walibishana kuhusu mkia.
Saa saba na robo tukafikia azimio:
kitoweo kiendelee kuuzwa,
mkia ukatwe jikoni,
na jina lisiandikwe ubaoni.
"Niandike nini basi?" akauliza Bi Somoe.
"Andika nyama ya msimu," mwenyekiti akasema,
akatazama saa, akatazama sufuria.

Kwenye Mengineyo niliandika neno moja, moto,
bila jina la msemaji, kwa kuwa hakuna aliyesema.
Mwenyekiti alitia saini bila kusoma.
Bwana Kaijage alibaki ukumbini, eti anatafuta kalamu.

Nilipomsaidia Bi Somoe kubeba sufuria hadi barabarani
niliiona nyepesi.
Kalamu yake yule bwana ilikuwa mfukoni mwa shati,
na kando yake, kwenye kitambaa cheupe,
doa la tui, dogo,
kama nukta.